Bustani ya Blue Posts, Thika

Bustani ya Blue Posts imezunguka hoteli ya jina hilo mjini Thika, kaunti ya Kiambu, Kenya. Hoteli ilianzishwa mwaka 1908 kati ya maporomoko mawili, la mto Chania na la mto Thika. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto si kali.

Mwaka wa bustani za Thika na mji jirani wa Ruiru hufuata mvua. Masika, Machi hadi Mei, nyasi hukua upesi mno, na fyekeo halipumziki. Magugu nayo hung'olewa udongo ukiwa bado laini. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, ukuaji hupungua, wakati mzuri wa kupogoa ua. Vuli huanza Oktoba, majira ya jakaranda kutandaza zambarau chini. Kazi ngumu kuliko zote ni ya Januari na Februari: kumwagilia alfajiri au jioni, na kufunika mashina kwa majani makavu.

Mti wa kutazamwa zaidi ni kibobakasi, wenye maua mekundu ya rangi ya moto. Ndio uliompa mwandishi Elspeth Huxley jina la kitabu chake cha 1959 kuhusu utoto wake Thika. Vichomozo vyake hujaa maji, na watoto huvibinya kurushiana. Mbegu zake zina mabawa mepesi, hivyo miche huota mbali na mama yake. Ing'olewe mapema, kabla mizizi haijashika.