Nani Aliyeibiwa? Istilahi ya Kuiba Kituo katika Besiboli

Kuiba kituo ni istilahi ya besiboli inayotaja kitendo cha mkimbiaji kuondoka kwenye kituo alichosimama na kufika kwenye kinachofuata kwa mbio na akili yake mwenyewe, yaani bila mpira kupigwa na mwenzake, bila mlinzi kukosea, na bila mdakaji kuponyokwa na mpira uliorushwa. Ufafanuzi huu haukuwa hivyo tangu mwanzo, kwani katika karne ya 19 mkimbiaji aliyejipatia kituo cha ziada wakati mwenzake amepiga mpira aliweza kuandikiwa wizi, na ni mwaka 1898 ndipo kanuni za Marekani zilipoufikisha wizi karibu na maana yake ya leo. Kanuni za sasa zinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa mkimbiaji anayesogea huku walinzi wakimtazama tu bila kujaribu kumzuia haandikiwi chochote: kilichoachwa hakiibwi.

Neno kituo lenyewe linastahili kutetewa kwanza, maana wapo wanaopendelea kusema besi, neno ambalo masikioni mwa Waswahili wengi ni la muziki kabla ya kuwa la mchezo. Kituo kimetokana na kitenzi kutua, ambacho ni kuweka mzigo chini, kukoma mwendo na kupumzika, na hiyo ndiyo kazi hasa ya vituo vinne vya besiboli, vilivyopangwa katika pembe za mraba wenye upande wa mita 27.43, ambapo mkimbiaji anayegusa kituo yuko salama na anayekiacha anajitia hatarini. Kituo cha nne huitwa nyumbani, na anayefika huko huipatia timu yake pointi. Mrushaji husimama ndani ya mraba huo, mita 18.44 kutoka nyumbani, akiwa na kazi mbili zinazovutana: kumshinda mpigaji aliye mbele yake na kumchunga mkimbiaji ambaye mara nyingi yuko nyuma ya bega lake.

Ugumu unaanzia kwenye kitenzi. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba mtu ameiba kituo, anaweza kuuliza kwa haki kituo hicho kimepelekwa wapi, kwa sababu kuiba katika matumizi ya kawaida ni kuondoa mali mikononi mwa mwenyewe, ilhali kituo cha pili hubaki palepale ardhini hata kiibwe mara ngapi. Ndiyo maana huweza kupendekezwa vitenzi vingine, kama kupora, kunyakua na kuteka. Kupora ni kutwaa kwa nguvu mwenye mali akiona, kunyakua ni kuchukua kwa ghafla bila lazima ya kujificha, na kuteka ni kitenzi cha vita kinachodai mateka au mji ulioshindwa. Hakuna hata kimoja kati yake kinachobeba kuvizia, kusubiri macho ya mwenzako yageuke, na kutenda katika kipenyo hicho kidogo. Kuiba kinabeba hayo yote, na Kiswahili kimeshazoea kukitumia mahali pasipo na mali inayohamishwa: mwanafunzi huibia katika mtihani ingawa jibu la jirani yake hubaki kwenye karatasi ya jirani, na mtu humtupia mwenzake jicho la wizi bila kumpunguzia kitu. Tena soka limekwisha kuonyesha njia, kwani kuotea, neno la zamani la kuvizia, limekuwa istilahi ya mchezaji aliyejiweka mbele ya walinzi kinyume cha sheria, na hakuna shabiki anayelishangaa.

Kiswahili kina faida moja zaidi ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kwa kauli ya kutendea, kuiba huzaa kuibia, na kuibia huzaa kuibiwa, hivyo lugha humlazimisha msemaji kufikiri ni nani aliyepata hasara. Watazamaji wengi humlaumu mdakaji, kwa sababu ndiye anayeonekana akitupa mpira kituo cha pili na kushindwa. Hesabu ya muda inasema vingine. Mrushaji wa kawaida hutumia takriban sekunde 1.3 tangu aanze mwendo wake hadi mpira kumfikia mdakaji, na mdakaji hodari hutumia takriban sekunde 2 kuudaka, kusimama na kuufikisha kituo cha pili, umbali wa mita 38.8, ambapo mlinzi bado anatakiwa kumgusa mkimbiaji kwa mpira huo. Mkimbiaji mwepesi aliyekwisha kujongea mita tatu au nne kutoka kituo cha kwanza huhitaji muda usiopishana sana na jumla hiyo. Mdakaji akijitahidi kwa miaka anaweza kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde, lakini mrushaji mzembe hupoteza tatu au nne kwa kuinua mguu taratibu tu. Kilichoibwa kwa kweli ni muda, na mwenye muda huo ni mrushaji, kwa hiyo sentensi iliyo sahihi ni kwamba kituo kimeibwa, naye mrushaji ameibiwa.

Kutokana na hayo, istilahi ya upande wa pili, kudhibiti wakimbiaji, haina budi kueleweka kuwa kwanza ni kazi ya mrushaji. Hatua ambazo mkimbiaji hujisogeza nje ya kituo kabla ya mpira kurushwa zinaweza kuitwa mjongeo, na mrushaji huupunguza kwa kubadilisha muda anaoushika mpira ili asizoeleke, kwa kurusha bila kuinua mguu juu, au kwa kumgeukia ghafla mlinzi wa kituo cha kwanza na kumpa mpira. Mrushaji wa mkono wa kushoto ana nafasi bora katika hili, kwa sababu anapojiandaa uso wake huelekea kituo cha kwanza. Mkimbiaji aliyeguswa kabla hajarudi amenaswa nje ya kituo, na aliyeguswa akikimbilia kinachofuata amenaswa akiiba. Neno kufumaniwa, ambalo lingeweza kuvutia hapa, linafaa kuachwa, maana limeshikamana mno na mambo ya ndoa. Hata hivyo mrushaji hana ruhusa ya kumdanganya mkimbiaji apendavyo: akianza mwendo wa kurusha kisha akaukatiza, wakimbiaji wote husogezwa kituo kimoja. Kiingereza hulitaja kosa hilo kwa neno la kusita, lakini kinachoadhibiwa ni udanganyifu, na Kiswahili kingepata neno la haki zaidi kwa kuliita hadaa.

Mfano unaoeleza yote haya kwa pamoja ulitokea Boston, uwanja wa Fenway Park, usiku wa tarehe 17 Oktoba 2004. Timu ya Red Sox ilikuwa imefungwa michezo mitatu mfululizo na Yankees, na katika kipindi cha tisa cha mchezo wa nne ilikuwa nyuma kwa pointi 4 kwa 3, huku mrushaji akiwa Mariano Rivera, mmoja wa warushaji bora wa kumalizia mchezo waliopata kutokea. Dave Roberts aliingizwa kukimbia badala ya mwenzake aliyekuwa kituo cha kwanza, na kila mtu uwanjani alijua kaingizwa kuiba. Rivera alimrudisha kwa kutupa mpira kituo cha kwanza mara tatu, na mara ya tatu alikaribia kumnasa, lakini aliporusha kwa mpigaji, Roberts aliondoka. Mdakaji Jorge Posada alitupa mpira vizuri, mlinzi Derek Jeter akaupokea na kumgusa, lakini mkono wa Roberts ulikuwa umefika mapema kwa muda mfupi usiokadirika kwa jicho. Mpigaji Bill Mueller akapiga, Roberts akafika nyumbani, Red Sox wakashinda katika kipindi cha 12, kisha wakashinda kila mchezo uliobaki hadi kutwaa ubingwa walioukosa tangu 1918.

Wajapani, ambao mchezo huu wameufanya kuwa wao kwa zaidi ya karne, walipotafuta istilahi waliunganisha alama ya wizi na alama ya boma wakapata tōrui, na uamuzi wao unawatia moyo wanaokishikilia kitenzi kuiba. Huko ndiko Yutaka Fukumoto alikoiba vituo 106 mwaka 1972 na 1,065 katika maisha yake ya uchezaji, na wizi wake ndio uliomfanya Katsuya Nomura, mdakaji na kocha wa timu pinzani, awafundishe warushaji wake mwendo mfupi wa kurusha. Nomura alikuwa mdakaji, lakini dawa aliitafuta kwa mrushaji.

Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilibadilisha mizani kwa makusudi. Vituo viliongezwa upana kutoka sentimita 38 hadi 46, mrushaji akawekewa saa ya kuhesabu sekunde, na akaruhusiwa kumrudisha mkimbiaji au kushuka kwenye kibao anachokanyaga akirusha mara mbili tu kwa kila mpigaji, ya tatu isipomnasa mtu ihesabiwe hadaa. Wizi ulipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Chini ya kanuni hizo Rivera asingeweza kumtupia Roberts mpira mara ya tatu bila kuhatarisha kituo cha pili.

Limebaki jina la mtenda. Mwizi ndilo jina jepesi, lakini ndilo pia yowe la mitaani ambalo limewagharimu watu maisha kabla hawajasikilizwa, na si haki kumvisha mchezaji anayefuata kanuni. Mwibaji linafaa zaidi, kwa kuwa linafuata umbo la mrushaji, mpigaji, mdakaji na mkimbiaji, na kiambishi chake -ji huonyesha mazoea, jambo linalomstahili mtu kama Rickey Henderson, aliyeiba vituo 1,406 na kunaswa akiiba mara 335. Besiboli tayari inachezwa katika shule za Tanzania, na watoto wa Lugazi nchini Uganda walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto. Watakaoutangaza mchezo huu kwa Kiswahili wanaombwa wasiishie kusema kwamba kituo kimeibwa, bali wamtaje na mrushaji aliyeibiwa.