Chokaa ya Mwenye Nyumba

Katika miji mikongwe ya pwani ya Afrika Mashariki, nyumba ya mawe haikuhesabiwa kuwa imekwisha siku fundi alipokusanya zana zake akaondoka. Fundi alijenga; mwenye nyumba alirithi kazi ya kulinda. Kazi hiyo ilikuwa kupaka chokaa kuta za nje, na kuzipaka tena kila mvua zilipoufifiza weupe wake.

Weupe huo ni wa kale. Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi, mwandishi wa shajara ya safari ile alitaja kwamba nyumba za mji zilikuwa ndefu, zenye madirisha mengi, nazo zimepakwa chokaa vizuri. Alichokisifu kilikuwa kazi ya mikono iliyorudiwa mwaka hata mwaka.

Chokaa yenyewe ilitoka palepale yalipotoka mawe ya kujengea. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 900, mpaka hewa ya kaboni iliyofungwa ndani ya jiwe ikatoka. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikachemka na kufoka bila ya moto, kikawa uji mweupe. Uji huo ulipozimuliwa kwa maji mengi ukapakwa ukutani, ulivuta tena hewa ileile iliyofukuzwa tanurini, ukarudi kuwa jiwe. Basi aliyepaka chokaa hakuuvika ukuta nguo tu. Aliuongezea utando mwembamba wa jiwe jipya.

Kuchoma matumbawe kulihitaji mafundi, lakini kupaka kuliwezwa na watu wa nyumbani, aghalabu Ramadhani au Sikukuu ilipokaribia. Vyombo vilikuwa vichache: ndoo, brashi na ngazi. Masharti yalikuwa machache vilevile, ila hayakusameheka. Ukuta ulitakiwa ulowe kwanza. Chokaa iwe nyepesi kama maziwa. Tabaka la kwanza likauke polepole, mbali na jua kali, kabla ya la pili. Mpakaji aliyahadhari macho yake, maana chokaa mbichi huunguza.

Manufaa ya kazi hii hayakuwa ya urembo peke yake. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua kutoka juu na unyevu wa ardhi kutoka chini. Chokaa huuacha ukuta upumue, maji yaliyoingia yakatoka kwa jua. Ndani ya kuta hizo zimelala ncha za boriti za mikoko zinazobeba dari, na uzima wa boriti hutegemea ukavu wa ukuta.

Kisha ikaja saruji. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ya Bamburi ilitokana na mawe ya matumbawe ya kale, yaani jamaa wa yale yaliyotoa chokaa, lakini tabia yake ilikuwa nyingine: ngumu, nzito, isiyopitisha maji kwa wepesi. Pamoja nayo zikaja rangi za kopo, za mafuta na za plastiki. Mwenye nyumba hakuwa mjinga kuzipenda. Chokaa huchafua nguo ya mpita njia na hutaka kurudiwa; rangi ya kopo iliahidi mapumziko ya miaka. Lakini maji yaliyofungiwa nyuma yake hayakupata njia. Chumvi ilikusanyika, lipu ikavimba na kubanduka, na boriti zikaoza gizani pasipo mtu kuona.

Unguja palikuwa na sababu ya pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, zikakaliwa na wapangaji wengi wa kipato kidogo. Nyumba ya wengi ikakosa wa kupanda ngazi. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji huo, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia; Lamu ikafuata mwaka 2001. Wahifadhi walilazimika kubandua saruji na kurudisha chokaa, jambo ambalo jamaa za zamani walilifanya bila ya kuagizwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa pwani walioishika saruji hawakuipuuza methali hiyo. Waliziba nyufa kwa bidii. Walichokisahau ni kuuliza ukuta wenyewe unataka kuzibwa kwa kitu gani.