Barua kwa Asiyekuwepo: Urithi wa Kimatini katika Fasihi ya Kwia ya Afrika Mashariki

Mjadala kuhusu fasihi ya kwia, yaani fasihi inayosawiri mapenzi ya watu wa jinsia moja na maisha ya wale ambao jinsia yao hailingani na matarajio ya jamii, umeegemea mno swali la asili, na jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba waandishi wa Kiafrika wameichota Ulaya na Marekani, hususan kwa James Baldwin, ambaye riwaya yake *Giovanni's Room* ilitoka mwaka 1956. Ukubwa wa Baldwin haupingiki. Hata hivyo, “Jambula Tree”, hadithi ya Afrika Mashariki inayosomwa sana katika uwanja huu, ina ukoo ulio karibu zaidi, na ukoo huo ni wa wanawake walioandika Afrika.

Mwaka 1977 Ama Ata Aidoo wa Ghana alichapisha *Our Sister Killjoy*, riwaya ambamo Sissie, msichana wa Kighana aliyeko Ujerumani, anazoeana na Marija, mama mpweke anayemletea plamu kila wanapoonana. Usiku mmoja Marija anamgusa kwa namna ambayo Sissie hakuitarajia. Sissie anajitoa, lakini simulizi haliishii kwenye karaha, kwa kuwa linamrudisha kwenye kumbukumbu za bweni la wasichana na linamlazimisha kuutazama upweke wa mwenzake. Wahakiki wamebishana kama Aidoo anayahukumu mapenzi hayo au la. Pengine lenye uzito zaidi ni kwamba riwaya hiyohiyo inafungwa kwa sura iliyoandikwa kama barua ya mapenzi. Miaka miwili baadaye, Mariama Bâ wa Senegali aliijenga riwaya yake nzima, *Une si longue lettre*, kwa umbo la barua ndefu ya mwanamke kwa rafiki yake wa kike wa tangu utotoni. Katika kazi hizi barua ni mahali ambapo mwanamke anaweza kusema bila kukatizwa.

Mwaka 2006 Aidoo alihariri *African Love Stories*, mkusanyiko wa hadithi za waandishi wanawake wa Kiafrika, akaiweka humo “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Uamuzi huo wa kihariri una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa: mapenzi ya wasichana wawili hayakutengewa kitabu chao, bali yalikaa bega kwa bega na mapenzi mengine yote ya bara hili. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ilishinda Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika, na Arac de Nyeko akawa Mganda wa kwanza kuipata.

Hadithi yenyewe, kama barua, ni maneno ya Anyango kwa Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa chini ya mzambarau na Mama Atim, jirani ambaye macho wala ulimi wake havipumziki. Ikisomwa kwa jicho la mwingilianomatini, yaani namna matini moja inavyoishi ndani ya nyingine, plamu za Marija zinaonekana kuota upya katika mtaa wa Nakawa, Kampala, zikiwa zambarau. Muhimu zaidi ni nafsi ya pili. Anyango haitetei nafsi yake mbele ya majirani wala hawaombi radhi. Anasema na “wewe” mmoja tu, na msomaji anaruhusiwa kusikiliza kwa masharti hayo. Januari 2014 Binyavanga Wainaina wa Kenya alitumia mkakati wa aina hiyo katika insha aliyoiita sura iliyopotea ya tawasifu yake ya mwaka 2011: alijitambulisha kuwa shoga kwa kumwambia mama yake, aliyekuwa amefariki mwaka 2000. Taifa zima lilisikia, lakini aliyeambiwa ni mama.

Mwongozaji wa filamu Wanuri Kahiu wa Kenya alipoigeuza “Jambula Tree” kuwa filamu ya *Rafiki*, iliyooneshwa Cannes mwaka 2018, alimhamishia Mama Atim Nairobi pamoja na jina lake, ila barua hakuweza kuihamisha. Badiliko hilo lilikuwa na gharama ya kisanaa na ya kisiasa. Katika barua, kurejea kwa mpenzi kunaweza kubaki tarajio. Kwenye filamu sharti kuonekane, na hivyo Ziki, mmoja wa wasichana wawili wapendanao katika filamu, anarudi, na Kena, mpenzi wake, anamsikia akimwita. Ni mwisho huo wenye tumaini ambao bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ilitaka ubadilishwe, na Kahiu alipokataa, filamu ikapigwa marufuku Aprili mwaka huo, hadi Mahakama Kuu ilipoiruhusu ioneshwe kwa siku 7 mwezi Septemba.