Mshale

mshale nm *mishale* [u-/i-] 1. kijiti chembamba kilichonyooka, chenye ncha kali upande mmoja na manyoya upande wa pili, kirushwacho kwa upinde. 2. mkono wa saa. 3. alama yenye ncha ionyeshayo upande wa kuelekea.

Maana ya pili ndiyo iliyozaa msemo wa wasimulizi wa Tanzania, *mishale ya saa nne*, yaani saa nne au karibu yake. Ni lugha nzuri ya hadithi. Katika kumbukumbu za kikao au ripoti, andika *saa 4:00* au *yapata saa nne*.

Sehemu za mshale. Wafasiri wengi wa siku hizi huandika *kichwa cha mshale*, *mti wa mshale* na *kamba ya upinde*, kana kwamba lugha haina maneno yake. Inayo. Kijiti chenyewe, kabla ya kutiwa ncha, ni wano (wingi *mawano*). Ncha ya chuma ni chembe au kigumba. Uzi wa upinde ni upote (wingi *pote*), ambao kwa kawaida ni ngozi au ukano uliosokotwa. Mfuko wa kubebea mishale ni podo (*mapodo*) au ziaka. Msomaji wa Biblia amekutana na *podo* katika Zaburi ya 127, ambamo watoto wanafananishwa na mishale mkononi mwa shujaa.

Neno *chembe* lataka uangalifu, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana zake. *Chembe cha mshale* kiko katika ngeli ya ki-/vi-, sawa na *chembe cha moyo*, yaani pale chini ya kidari. *Chembe ya mchanga* iko katika i-/zi-. Mwanafunzi anayeandika *chembe ya mshale* atakuwa amempa msomaji punje badala ya ncha.

Uta na upinde. Yote mawili ni sahihi. *Upinde* (*pinde*) limetokana na kitenzi *pinda*. *Uta* (*mata*, pengine *nyuta*) ni neno la kale la Kibantu, na leo huishi zaidi katika ushairi na katika msemo *mata na mishale*. Mwalimu wa Rubya, wilayani Muleba, ana njia fupi ya kulifundisha: wanafunzi wake wazungumzao Kihaya wanalo nyumbani. Upinde kwa Kihaya ni *obuta*. Kiambishi cha kale *bu-* kimebaki katika Kihaya na kupungua kuwa *u-* katika Kiswahili, ilhali shina *-ta* ni lile lile. Mshale wenyewe ni *omwambi*, neno lisilo na ndugu wa wazi katika Kiswahili sanifu. Hapo hapana njia ya mkato.

Hata chembe cha chuma kina historia ndefu katika nchi hiyo. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba mafundi wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za joto kali karibu miaka 2,000 iliyopita. Vitabu vinavyosema kwamba chuma kililetwa huko na wageni wa karne ya 19 visahihishwe.

Rusha, piga, fuma. Hapa ndipo kosa la mfasiri laweza kumfunga mtu. *Kumrushia mtu mshale* ni kuuachia kumwelekea. Haielezwi kama ulimpata. *Kumfuma mtu mshale* ni kumpata. *Kumpiga mshale* nako, kwa matumizi ya kawaida, ni kumpata, na magazeti ya Tanzania husema pia *kuchomwa mshale*. Shahidi akisema *alinirushia mshale*, mfasiri akaandika kwamba alipigwa, ushahidi umegeuka: jaribio limekuwa jeraha. Kitenzi *fuma* kina mwenzake wa umbo moja mwenye maana ya kusuka nyuzi. Muktadha hutosha kuvitenganisha. *Kulenga* ni kutafuta shabaha tu, hata kama upote haujaachiwa.

Winda na saka. *Winda* ni kitenzi cha jumla, na *mawindo* ni wanyama waliopatikana au wanaotafutwa. *Saka* hubeba wazo la kufuata nyayo na kusumbua vichaka. Mwenye kazi hiyo ni *mwindaji* au, kwa lugha ya kale, *msasi*. *Jangili* ni jambo jingine: huyu huwinda kinyume cha sheria, na si sawa kumwita hivyo kila mwenye upinde. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde hadi leo. Katika Muleba kwenyewe tofauti hiyo si ya kinadharia, kwani sehemu ya wilaya inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na mnyama aliyefumwa upande mmoja wa mpaka huweza kufia upande wa pili.

Uchungu. Katika lugha ya wasasi neno hili ni sumu ya mishale. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki hutengenezwa kwa kuchemsha mti wa *msunguti* hadi upatikane ulojo mweusi, unaopakwa nyuma ya chembe. Kiini chake, uabaini, husimamisha moyo. Lakini kikimezwa hufyonzwa kidogo sana tumboni, ndiyo maana nyama iliyo mbali na jeraha huliwa. Wawindaji wa tembo wa eneo la Tsavo, Kenya, walisifika kwa pinde ngumu na sumu hiyo. Wao hujiita *Waata*. *Waliangulu* ni jina walilopewa na majirani, na mwandishi makini hutumia lao. Neno la kienyeji la sumu nyingine, *kombe*, lilisafiri kutoka bonde la Zambezi pamoja na John Kirk, aliyekuja baadaye kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na leo limo katika jina la kisayansi la mmea wenyewe, *Strophanthus kombe*, uliotoa dawa ya moyo.

Methali. *Mshale kwenda msituni haukupotea.* Kilichotoweka machoni huenda bado kipo, tena huenda kimepata shabaha. Hutumiwa kumtuliza aliyetoa mali au juhudi na hajaona matunda yake. Isitumiwe kwa msiba.

Tazama pia: *fuma, podo, uchungu, upinde, upote, uta, wano, winda.*