Umeme wa Gari na Wageni Wake

Mfaransa Gaston Planté alipovumbua betri ya risasi na asidi mwaka 1859, gari la petroli halijakuwako duniani. Na hata magari hayo yalipoenea, wengi waliyawasha kwa mkono wa chuma ambao ukirudi nyuma ghafula uliweza kumvunja mtu kifundo cha mkono, mpaka mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilipotia katika magari yake stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo betri ikapata makao ya kudumu, na umeme wake ukawa mali ya gari lenyewe. Kila chombo kilichoingia baadaye kiliingia kama mgeni, sharti kifuate desturi ya mwenyeji.

Mgeni aliyetaabisha mafundi mapema alikuwa redio. Katika miaka ya 1930 valvu zake aghalabu zilitaka volti mia mbili na ushei, hali betri nyingi za zama zile zilitoa 6 tu. Basi wakaunda kisanduku chenye ulimi wa chuma uliotetema mara nyingi kwa nukta moja, ukikata na kuunga mkondo ili transfoma ipate kukuza volti. Ulimi ule ulivuma, na kwa kuwa ulifanya kazi bila kupumzika, ulichakaa upesi. Transista za miaka ya 1950 zikaondoa haja yake, wakati uleule magari yalipokuwa yakihamia volti 12.

Kisha mambo yakageuka. Kompyuta ya Raspberry Pi, iliyotoka Cambridge, Uingereza, tarehe 29 Februari 2012, ikiwa ubao mmoja wa kiasi cha kadi ya benki, ilitaka volti 5, nao wapenzi wa ufundi wakaifunga garini ipige muziki na kusoma hesabu za injini. Safari hii umeme ulikuwa wa kushushwa, na wala hizo 12 si 12: alteneta ikichaji hufika 14 na zaidi, stata ikizunguka huanguka hadi 9 au chini yake, na waya wa betri ukichomoka injini ikiunguruma, hupita dharuba ya makumi ya volti. Kishushio cha kale chenye miguu mitatu, kikitoa ampea 1, huiachia kompyuta wati 5 na kuteketeza kama 9 kuwa joto. Mwenye kukigusa hakisahau. Ndiyo sababu vishushio vya kukata na kuunga vikashinda, navyo, ajabu, vinafuata hikima ileile ya ulimi wa chuma, ila bila mvumo.

Hata hivyo ufunguo ukizimwa ghafula, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika. Na kompyuta ikiachwa macho, robo ya ampea hula ampea-saa 6 kwa siku. Basi wewe unayetaka kuifunga, nunua kishushio chenye kinga na saa ya kuchelewesha kuzima, na fyuzi uiweke karibu kabisa na ncha chanya ya betri.