Ubongo wa Mbele Uliposhtakiwa Mathari

Mtu akianza kusema peke yake ndani ya matatu ya Kayole au Umoja, hakosi abiria wa kuuliza kama ametoroka Mathari. Jina la hospitali hiyo limegeuka tusi la mtaani, kiasi kwamba wengi wa Eastlands ya Nairobi hawajui lolote jingine kuihusu. Iko kando ya barabara ya Thika, katikati ya dunia mbili: huku Muthaiga ya wenye nyua pana na mbwa wa ulinzi, kule bonde la Mathare na mabati yake. Ilifunguliwa 1910 kuwa kituo cha wagonjwa wa akili, na kuanzia 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Mwaka 1951, daktari aliyeiongoza kwa miaka 12 alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza makala iliyowashtaki Waafrika kwa jumla. Alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Daktari huyo aliitwa J. C. Carothers. Ili kuelewa uzito wa shtaka lake, ni lazima kwanza tujue sehemu hiyo, ile inayokaa nyuma ya paji la uso, ilipataje sifa ya kuwa makao ya tabia ya mtu.

Sifa hiyo ilianzia kwenye ajali ya kazini. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli aliyeitwa Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti ndani ya tundu la mwamba. Baruti ikalipuka. Mtaimbo wa kushindilia, wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi, ukamwingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini. Gage hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa akizungumza, na akapanda mkokoteni hadi mjini akiwa ameketi. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu mpole na mwenye mipango alirudi akiwa mwenye matusi na pupa, asiyeshikilia shauri moja. Kumbukumbu alikuwa nayo na lugha alikuwa nayo. Kilichopotea ni hatamu.

Kuna sehemu ya kisa chake ambayo husahaulika. Baadaye Gage alikwenda Chile na kwa miaka kadhaa akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi inayotaka ratiba, subira na adabu kwa wasafiri. Alikufa 1860. Ina maana tabia iliyovunjwa na chuma ilijengeka tena kwa kiasi fulani, kwa msaada wa kazi ya kila siku. Wanasayansi wa siku hizi huitaja sana miaka hiyo ya Chile. Waliomfanya Gage kuwa hadithi ya kutisha hawakuitaja.

Mwaka 1935, Egas Moniz wa Lisbon, Ureno, alianza kuwafanyia kwa makusudi wagonjwa wa akili jambo linalokaribia lile lililompata Gage kwa bahati mbaya. Fuvu lilitobolewa matundu mawili, kisha nyuzi zinazounganisha ubongo wa mbele na sehemu za ndani zikaharibiwa, mwanzoni kwa kudungwa alkoholi, baadaye kwa chombo chenye waya wa kukatia. Waliokuwa wakipiga kelele walitulia. Wengi walitulia mno: hawakujali kesho, hawakupanga, hawakuona aibu. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Huko Marekani upasuaji huo ulifanywa kwa makumi ya maelfu ya watu kabla ya dawa za miaka ya 1950 kuupunguzia soko.

Nairobi nayo ilikuwa na wapimaji wake wa vichwa. Mnamo miaka ya 1930, H. L. Gordon, aliyekuwa mkuu wa Mathari kabla ya Carothers, alihubiri kwamba Mwafrika ana ubongo mdogo na kwa hiyo elimu ya Kizungu ni mzigo asioweza kuubeba. Mwaka 1933 walowezi na madaktari waliokubaliana naye waliunda jijini chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za watu. Mwenzi wa Gordon, F. W. Vint wa maabara ya serikali, alichukua ubongo wa Waafrika 100 waliofariki, akaupima uzito, akakata vipande vyembamba, akavitia rangi na kupima unene wa matabaka ya gamba la ubongo kwa hadubini. Mwaka 1934 alitangaza kwamba gamba hilo ni jembamba kuliko la Mzungu, kwa takriban asilimia 15.

Ubongo wa Mzungu aliokuwa akiulinganisha nao, Vint hakuukata mwenyewe. Alichukua vipimo vilivyochapishwa Ulaya na watu wengine, waliohifadhi na kukata vipande vyao kwa njia zao. Yeyote aliyewahi kukaa maabara anajua kwamba dawa ya kuhifadhi nyama hubadilisha ukubwa wake. Isitoshe, hakuna aliyeuliza marehemu wale walikuwa wamekula nini utotoni, wala malaria iliwapitia mara ngapi. Serikali ya London ilikataa kugharimia utafiti zaidi, lakini dhana yenyewe haikufa.

Carothers aliikuta. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akaja Kenya 1929 kama daktari wa kawaida, na 1938 akakabidhiwa Mathari ilhali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Katika makala yake ya 1951 aliorodhesha tabia za Wazungu waliokatwa ubongo wa mbele (uvivu, kutofikiria kesho, maneno mengi, kutojikosoa) na kusema hivyo ndivyo alivyo Mwafrika mzima wa afya. Kuhusu chanzo alisitasita, huku akigusia maumbile na huku akilaumu malezi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Miaka 12 ndani ya ua mmoja kando ya mto Mathare ilitosha kumfanya msemaji wa akili za bara zima.

Na hao Waafrika aliowaona ni akina nani? Hapo ndipo mitaa yetu inapoingia.

Katika utafiti wake wa awali, uliochapishwa 1947, Carothers alichambua wagonjwa Waafrika 558 walioingizwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Aliona mwenyewe kwamba walioajiriwa mbali na makwao waliugua kwa kiwango kilichozidi mara kadhaa kile cha waliobaki kijijini. Ukisoma takwimu hiyo leo, jicho linakimbilia Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Linakimbilia landi za Muthurwa, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na mitaa ya Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Nyumba nyingi za baraza la jiji na za waajiri zilijengwa kwa hesabu ya kitanda, si ya familia. Mwanamume alihesabiwa kama mtu wa kupita: afanye kazi, alale, arudi kwao. Mke na watoto walibaki kijijini. Kwa miaka mingi kabla ya kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha mwanamume Mwafrika, kilining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na polisi aliweza kukidai wakati wowote.

Sasa mwambie mtu huyo apange mambo ya miaka 10 ijayo! Chumba si chake, kazi ni ya mkataba, mshahara hautoshi kumleta mkewe, jiji lenyewe linamwona kama mgeni. Akiishi kwa siku ile ile, hajapungukiwa ubongo. Ameyasoma mazingira yake sawasawa. Carothers alikuwa na takwimu hiyo mkononi, lakini jibu akalitafuta nyuma ya paji la uso.

Kosa hilo lingebaki karatasini kama vita vya Mau Mau visingeanza. Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likapita Eastlands mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, na maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru wakapakiwa malori kwenda kuchujwa Lang'ata, kisha kambini. Mwaka huo huo serikali ilimwita Carothers kutoka Uingereza aieleze Mau Mau kitabibu. Kijitabu chake kilichapishwa na mpiga chapa wa serikali hapa Nairobi. Ndani yake, madai ya ardhi na uhuru yalipunguzwa uzito yakawa wasiwasi wa watu waliopoteza mila zao bila kupata mpya, na akaunga mkono kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Watu wapatao milioni moja walihamishiwa katika vijiji hivyo, vyenye handaki, ua na amri ya kutotoka nje.

Majibu yalikuja kutoka kwa madaktari Waafrika na wa asili ya Kiafrika. Mnigeria T. A. Lambo, aliyeongoza hospitali ya Aro huko Abeokuta, aliikosoa kazi ya Carothers kuanzia 1955. Frantz Fanon, aliyetibu wagonjwa wa akili Algeria, alimtaja kwa jina katika kitabu chake cha 1961 na kuonyesha jinsi udaktari ulivyotumiwa kuwafanya wanaodhulumiwa waonekane wagonjwa.

Sayansi yenyewe ya ubongo wa mbele haikuwa uongo. Kwa kweli imezidi kukomaa. Mwaka 1994 watafiti wa Iowa, Marekani, walieleza mchezo wa karata wenye mafungu manne: mawili yanalipa pesa nyingi lakini yanafilisi, mawili yanalipa kidogo lakini yana faida ya kudumu. Mtu mzima wa afya huanza kuyakwepa yale ya hatari kabla hata hajaweza kueleza sababu. Aliyeumia sehemu ya chini ya ubongo wa mbele huendelea kuyavuta, hata akijua yanamfilisi. Twajua pia kwamba sehemu hii ndiyo ya mwisho kukomaa, katikati ya miaka ya ishirini, na kwamba iko hivyo kwa kijana wa Buruburu kama ilivyo kwa yule wa London.

Twajua vilevile kwamba kichwa kikigonga lami, ubongo wa mbele ni miongoni mwa sehemu zinazoumia kwa urahisi, kwa sababu husugua mifupa yenye ncha iliyo juu ya macho. Hilo linaihusu Eastlands ya leo, ya bodaboda zinazopita pande zote mbili za matatu, abiria wawili nyuma, helmeti ikining'inia kwenye usukani. Majeruhi hufikishwa hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ya Kenyatta, hushonwa, huruhusiwa. Miezi mitatu baadaye nyumbani huanza manung'uniko: siku hizi ana hasira za bure, pesa haikai mkononi, anasema lolote mbele ya wakwe. Mama anasema ni marafiki wabaya. Mchungaji anasema ni pepo. Mwajiri anamfukuza. Twamhukumu kama Carothers alivyohukumu: twaona tabia, twataja asili yake, na hatuulizi limempata nini.

Basi kama kwenu kuna aliyewahi kupoteza fahamu kwa ajali au kwa rungu la kichwa na tangu hapo amebadilika, mpelekeni hospitali, hata kama jeraha lilipona zamani. Aende na mtu anayeishi naye, kwa maana mwenyewe mara nyingi haoni kilichobadilika. Mwambieni daktari tarehe ya ajali, alizimia kwa muda gani, na ni mambo gani aliyokuwa akiyaweza ambayo sasa hayawezi. Na akielekezwa Mathari, aende. Kliniki yake inahudumia watu wanaorudi nyumbani jioni ile ile.