Mvuke na Upepo: Historia ya Unyevu wa Darini katika Nyumba za Marekani na Kanada

Dari, kwa watu wa pwani, ni sakafu ya juu ya nyumba ya mawe, ile iliyolazwa juu ya boriti; na siku hizi ni pia mbao zinazogongomewa chini ya paa. Katika nchi za baridi, baina ya dari na paa lenye mwinamo huachwa nafasi kubwa ambayo mara nyingi haikaliwi na mtu. Nafasi hiyo ndiyo nitakayoiita darini. Makala haya yanaeleza jinsi watu wa Marekani na Kanada walivyoshindana na unyevu na kuvu vya mahali hapo, na jinsi jina moja lilivyowachelewesha kupata dawa.

Nyumba za zamani za huko zilijengwa kwa mbao, wala hazikuzibwa sana. Upepo uliingia katika nyufa za chini ukatokea juu pamoja na joto la moto. Mwenye nyumba alipoteza kuni na makaa mengi, lakini hasara hiyo ilikuwa na faida yake, kwani joto lililotoroka lilizikausha mbao za paa. Katika miaka ya 1920 na 1930 zilienea tabaka za kuhifadhi joto, nyingine za nyuzi za mawe, nyingine za nyuzi za kioo. Punde rangi ikaanza kubambuka katika kuta za nje, na baadhi ya mafundi wa rangi wakakataa kuzipaka nyumba zilizotiwa tabaka hizo, wakidai kwamba zinavuta maji.

Madai hayo yalikuwa nusu kweli. Watu wapumuapo, wapikapo na wafuapo, hewa ya nyumbani hujaa mvuke. Hewa hiyo ikigusa kitu cha baridi, mvuke hugeuka matone, kama jasho juu ya gilasi ya maji ya barafu. Tabaka halivuti maji. Ila kwa kuwa limelizuia joto chini, mbao zilizo juu yake huwa baridi kuliko zamani. Wakati wa kipupwe mvuke huganda juu yake, na jua likipata nguvu barafu huyeyuka, mbao zikalowa, kuvu ikaota.

Wataalamu waliishughulikia habari hii. Mwaka 1937 L. V. Teesdale, wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu mjini Madison, aliandika juu ya matone yatokeayo kutani na darini. Mwaka 1939 Profesa Frank Rowley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitoa matokeo ya majaribio yao. Rowley alieleza kwamba mvuke hupenya katika vitu vya ujenzi kwa namna inayofanana na joto. Dawa ikawa mbili: karatasi isiyopitisha mvuke upande wa ndani, na matundu ya hewa darini. Mwaka 1942 idara ya serikali ya Marekani iliyodhamini mikopo ya nyumba iliweka kanuni kwamba matundu yawe sehemu 1 kwa kila sehemu 300 za eneo la dari. Kanuni hiyo ilirithiwa na vizazi vya wajenzi. Baadaye William Rose wa Illinois aliifuatia asili yake, akaonyesha kwamba msingi wake wa majaribio ulikuwa mwembamba.

Ile karatasi iliitwa zuio la mvuke, na hapo ndipo jina lilipopoteza watu. Fundi aliyeambiwa kwamba adui ni mvuke alitandika karatasi yake akaridhika, huku akiacha wazi matundu ya nyaya, ya mabomba na ya kando ya dohani. Kumbe sehemu kubwa ya mvuke haipenyi katika ubao, bali huchukuliwa na hewa ipitayo katika matundu hayo. Huko Kanada, A. G. Wilson aliandika juu ya uvujaji wa hewa mwaka 1961. Na mwaka 1985 R. L. Quirouette alitoa maandishi mahususi ya kutofautisha zuio la mvuke na zuio la hewa. Hesabu moja ijulikanayo sana kwa wajenzi wa huko yasema kwamba katika msimu wa baridi ubao mzima wa dari hupenyeza kadiri ya theluthi moja ya lita ya maji, lakini tundu la inchi moja mraba hupitisha kadiri ya lita 28.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, serikali ziliwasaidia raia kuhifadhi joto. Mpango wa Kanada ulianza mwaka 1977. Palipotandikwa tabaka nene kabla ya kuziba matundu, mbao ziliendelea kuoza. Leo utaratibu unaoshauriwa ni huu: kwanza ziba matundu ya dari, kisha hewa ya bafuni itolewe nje kabisa, isiishie darini, halafu tandika tabaka, bila kuziba njia za hewa za ukingoni mwa paa.

Utaratibu huo si wa kunakiliwa kila mahali. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kilichotiwa mashine ya kupoza hewa, mvuke hutoka nje ukaelekea ndani, na karatasi iliyowafaa watu wa Minnesota yaweza kuuzuilia unyevu ukutani. Basi sisi tunaotunga istilahi hatuna budi kuyatenga mambo haya mawili kwa majina mawili, zuio la mvuke na zuio la hewa, na katika fasili ya lile la kwanza kutaja upande linapowekwa, ili fundi asilipie kosa la kamusi.